Filta Inayokoroma

Jumapili, 3 Novemba

Mama Mkwe ameingia kutoka Uchindile. Mtoto wa jicho, jicho la kulia. Operesheni kesho, kisha wiki mbili za kuangaliwa. Nimemwamkia nikiwa nyuma ya mlango, akaitikia akiwa nyuma ya kanga. Miaka saba ya ndoa na sijui hata pua yake ilivyo. Kwao ndivyo ilivyo: mkwe mwanaume na mama mkwe hawakai chumba kimoja.

Sina shida na heshima. Shida ni sebule. Feni iko sebuleni, na kwa joto hili Mama Mkwe atakuwa chini ya feni. Samaki wangu nao wako sebuleni.

Jumatano, 6 Novemba

Operesheni imekwenda vizuri. Amevaa miwani myeusi, anashinda kwenye kochi. Mimi nashinda baraza ya nyuma na meza yangu ya ufundi, natengeneza redio za watu na kusikiliza ukuta.

Feni inapuliza juu ya tangi la samaki kutwa. Maji yanapungua vidole viwili kwa siku! Yakishuka, filta inanyonya hewa, inaanza kukoroma. Ikinyonya hewa tupu, mota inaungua. Mota ikiungua, samaki hawamalizi siku.

Saa nane mchana nikaisikia: khrrr... khrrr... Mama Mkwe hana habari, amelala fofofo. Mimi niko mita mbili, ukuta katikati, jagi la maji mkononi. Mwizi angeingia. Mkwe haingii.

Ijumaa, 8 Novemba

Mke wangu Ursula aliporudi shuleni jana alijaza tangi. Ndoo nzima, moja kwa moja kutoka bombani! Nimemwambia mara mia, maji ya bomba yalale kwanza siku mbili, dawa itoke. Akasema hata yeye mwalimu hajalala siku mbili.

Asubuhi samaki mmoja anaelea, tumbo juu. Wamebaki Gosbert na mwenzake asiye na jina. Nikamsikia Mama Mkwe akimuuliza binti yake tunamkaanga au tunamchemsha. Ursula akasema hawa hawaliwi, ni wa kuangalia tu.

Mama yake akasema: "Mwanangu, kumbe uliolewa na mtu wa namna hiyo."

Jumamosi, 9 Novemba

Akili imenijia nikiwa chooni. Tenki la choo linajijaza lenyewe – maji yakishuka, boya linashuka, njia inafunguka, yakipanda, linafunga. Nani amewahi kulisimamia?

Nimenunua boya jipya. Ndoo yenye koki nimeipandisha kwenye rafu ya baraza, imejaa maji yaliyolala. Nikatoboa ukuta, nikapitisha mpira. Waya wa filta nao nikaupitisha humo humo mpaka kwenye betri yangu ya sola, umeme ukikatika samaki wasijue. Ursula akafunga boya kwenye ukingo wa tangi, mimi namwelekeza kupitia tundu.

"Hicho kidude si cha chooni?" Mama Mkwe huyo.

"Kipya mama," Ursula akamjibu, "hakijawahi kuona choo."

"Haya. Ila mwambie mwenzio asije akajisahau akawavutia mnyororo."

Nimeficha uso kwenye redio ya mtu.

Jumatatu, 11 Novemba

Linafanya kazi! Ndoo imeshuka vidole viwili, maji ya tangi yako pale pale. Filta kimya kama kanisa la Jumatatu. Hakukuwa na mtu wa kunisifu, nikainama kwenye tundu nikajisifu kwa Gosbert. Kicheko kikatoka upande wa kochi. Au kikohozi. Naandika kicheko.

Jumatano, 13 Novemba

Ajabu. Tangu jana ndoo haishuki, na filta inakoroma! Nimepuliza mpira. Nimefungua na kufunga koki mara nne. Nimelaumu kiwanda, nimelaumu konokono.

Ursula akaingia kuangalia, akatoka ameziba mdomo. Boya limefungwa juu kwa uzi. Uzi wa pindo la kanga. Fundo safi kabisa, kwa mtu aliyetoka kupasuliwa jicho.

Amelifungua. Hakuuliza kitu. Mimi pia sikuuliza – ningemuuliza nani?

Alhamisi, 14 Novemba

Limefungwa tena!

Nikaona mota itaungua, nikazima swichi. Hapo hapo sauti ndani: "Mbona amenyamaza?"

Amenyamaza. Siyo imenyamaza. Nikawasha. Khrrr. Kochi likalia, mtu amejilaza tena.

Jioni Ursula akanieleza, taratibu, kama amebeba trei ya mayai. Baba yake, mzee Kelestini, alikuwa anakoroma hivyo hivyo. Miaka arobaini, sikio lile lile. Tangu tulipomzika Machi mama yake hajapata usingizi wa maana. Siku ile filta ilipoanza, alilala mpaka jua likazama. "Halafu mumeo akaja na boya lake," amemwambia binti yake, "akaninyamazishia mtu."

Na mimi nilidhani ni dawa za macho.

Jumamosi, 16 Novemba

Ursula yuko mazoezi ya kwaya. Nimekaa na tundu lile nusu saa nzima kabla ya kufungua mdomo.

"Gosbert, shikamoo mpe mama. Mwambie afungue uzi wake. Mkono wa boya ni wa shaba, unakunjika. Akiukunja chini kidogo kidogo, maji yatasimama pale ambapo filta inakoroma lakini haiungui."

Nikajua nimevunja mila, nitanyang'anywa mke.

"Gosbert, mwambie huyo aliyeko nje, mikono hii ilikuwa inasuka mikeka yeye hajazaliwa."

Nikasikia maji yanachezwa. Khrrr-khrrr-khrrr.

"Hapana. Huyu mlevi. Mzee wangu hakuwa mlevi."

"Gosbert, mwambie mama aupandishe kidogo tu."

Kh... kh...

"Huyu ana mafua."

Tumekwenda hivyo dakika arobaini, Gosbert katikati kama mshenga. Mara pumzi ikatoka ndefu, ikakatika, ikarudi. Nikasubiri. Filta ikakoroma peke yake muda.

"Hapo," akasema mwishowe. Kwa sauti ndogo. "Mwambie, hapo."

Jumanne, 19 Novemba

Daktari kasema jicho limepona, anaweza kwenda. Treni kesho. Ursula kamwomba akae mpaka Krismasi, kakataa – mvua zinakaribia, shamba halina mtu.

Nilikuwa nahesabu siku za kurudishiwa sebule yangu. Leo nimehesabu, nimepata moja. Sikuifurahia.

Nikamwambia Ursula tumpe filta aondoke nayo. Akaniangalia. Kwa mama hakuna umeme, akasema, na filta bila tangi haikoromi. Nilijua. Nilitaka tu mtu mwingine aseme.

Jumatano, 20 Novemba

Treni saa tisa. Sasa saa nane kasoro kumi. Begi lake liko mlangoni, naliona chini ya pazia. Ursula kaenda kutafuta bajaji, katuma meseji: Mwamshe mama.

Nimwamshe vipi? Kuingia siingii. Jina lake silitaji. Nimegonga ukuta, kidogo. Nimekohoa. Nimewasha drili! Ndani ni khrrr ndefu tu, na chini yake pumzi nyingine, nyepesi, inaifuata.

Njia ni moja. Swichi ya filta iko hapa mezani, karibu na bisibisi. Nikiizima ataamka papo hapo.

Saa nane kamili. Naandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto uko kwenye swichi.

Saa nane na kumi. Kidole kimeanza kutoa jasho. Gosbert ananiangalia kupitia tundu, au najidanganya.

Honi. Bajaji imefika getini. Ursula anaita kwa sauti, mama ameamka?

Nimejibu: bado kidogo.