Wageni wa Bokali

Papa,

Tangu tulipokuzika, kila jioni naandika tarehe juu ya ukurasa halafu nakosa la kuandika chini yake. Leo ninalo. Ni habari ya bokali lako la dirishani, lile kopo la kioo lenye maji uliyochota ziwani mara ya mwisho, ulipokuwa bado na nguvu za kupanda mtumbwi.

Uliwakataza watu kuligusa. "Iko na bageni yangu ndani," ulikuwa ukisema, nasi tunacheka. Shangazi, dada yako wa Bwegera, hakucheka. Aliona aibu kuuliza ni wageni gani wanaokaa ndani ya maji. Siku za kilio alikuja na mchele wake, akawapikia watu wote. Asubuhi moja nikakuta maji ya bokali yamekuwa kama maziwa, yananuka. Alikuwa amemimina humo maji aliyooshea mchele, na punje kadhaa juu yake. Nilipomuuliza, alinitazama kama mtoto asiye na adabu. "Mugeni halalake njaa mu nyumba ya kaka yangu."

Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia. Yaya Byamungu, mwanao mkubwa, akataka kuyamwaga maji, maana watu walikuwa bado wanakuja na nyumba inanuka. Nilimwambia hayo ndiyo maji ya mwisho ya mkono wako, aniachie kwanza. Akasema mimi na wewe ni wale wale.

Nikatoa ile hadubini kuukuu uliyopewa kwenye labo, ulikokuwa ukipima maji ya ziwa. Katika tone la kwanza bakteria walikuwa vidoti vinavyotetemeka, wengi hata jicho likakosa pa kupumzika. Hilo nililijua: mvua ikinyesha, mto Ruzizi ukashusha udongo na majani ziwani, bakteria hupata chakula wakaongezeka. Miaka yote niliamini kwamba njaa peke yake ndiyo inayowazuia kulijaza ziwa. Wewe ulitikisa kichwa. Unakumbuka siku ile ulipochuja maji ya chupa moja, ukaondoa vile viumbe vidogo vinavyokula bakteria, na chupa ya pili ukaiacha ilivyo? Maji yalichotwa pamoja, lakini bakteria walizidi katika ile iliyochujwa. Niliandika matokeo vizuri, mistari kwa rula, na sikuyaelewa. "Weye unaangalia chakula tu," ulisema. "Angalia na mwenye kukula."

Papa, nimemwona. Siku zilizofuata walaji walitokea ndani ya tone. Kwanza wadogo wenye mkia, wakijisukuma huku na huku. Halafu wakubwa wenye vinyweleo wanavyopiga kama makasia, wakizunguka na kumeza vidoti. Kila asubuhi wao walikuwa wengi zaidi na bakteria wachache zaidi, mpaka maji yakawa maangavu tena, hakuna mtu aliyeyasafisha. Shangazi alisema wageni wameshiba. Mimi nilikimbia kukuita. Nilifika mlangoni mwa chumba chako, jina lako tayari mdomoni, ndipo nikakumbuka.

Najua ungeuliza: na sasa hao walaji watakula nini? Nimeangalia. Wanapungua. Leo nilitafuta sana nikaona mmoja tu, anakwenda polepole. Naweza kuwatilia mchele tena, shangazi ameniachia wa kutosha. Bakteria watazidi, wataliwa, walaji watakosa chakula, nami nitatia tena. Nitakaa hapo dirishani nikidhani ninakulisha wewe. Ziwani bakteria hawangoji mkono wa mtu. Mto unawaletea chakula, walaji wanawapunguza, na walaji nao wanaliwa, hata ndagala, samaki wadogo tunaowala hapa, wanapata fungu lao humo.

Kwa hiyo kesho nitakwenda ziwani na Yaya. Yeye atapiga kasia; nimemwonyesha kwa mkono ni wapi ulipokuwa ukisimamisha mtumbwi, naye ameniambia alipajua kabla sijazaliwa. Nitayamwaga maji yako hapo. Sijui kama nitaweza kuinamisha bokali lote kwa mara moja. Labda nitamwomba alishike upande mmoja.

Nenda salama, Papa. Nakuahidi sitarudi na bokali tupu. Nitachota maji ambayo wewe hukuyagusa, niyaangalie mpaka niyazoee.

Binti yako,
Neema