Mnunuzi wa Koti, Kituo cha Portales

Yadira, uko wapi? Nijibu haraka.

Lile koti la kijani nililoweka mtandaoni lilipata mnunuzi. Nikampelekea kituo cha treni za metro cha Portales, chini ya ile saa ya ukutani, kama kawaida. Mimi ndani ya geti la tiketi, yeye nje, nampitishia koti kwa juu.

Hakulitazama koti, shoga. Hata kidogo.

Akaniambia taratibu, "Taa ya mlangoni kwako imeungua tangu Jumanne, dada. Mwanamke anayeishi peke yake asikae gizani."

Sijamwambia ninakoishi. Si ndiyo maana tunauzia metro, mtu asijue kwako?

Na kweli iliungua Jumanne, Yadira, sijaweka nyingine bado. Hata siku anaijua.

Nimebadilisha treni tatu ndipo nikarudi. Niko mlangoni sasa hivi.

Taa inawaka.