Mchango wa Kampuni Matangani

Tarkwa, Jumatatu

Kaka yangu Asiamah,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini kikohozi kimekuachia na shemeji Serwaa na watoto hawajambo. Sisi huku wazima.

Mjomba Badu alinipigia simu jana. Alisema ukoo umekuweka kikaoni tena, nawe umekubali kuuza shamba lako la kakao ili urudishe zile cedi elfu themanini za matanga wanazosema umezila. Alisema mama mdogo Pokuaa alikuuliza mbele za watu kama hela ya maiti ni tamu kuliko bakuli la fufu. Nilicheka kidogo, kisha nikaona aibu.

Unakumbuka kwenye matanga ya Mama, mtangazaji alivyoitaja kampuni ninayofanyia kazi kwa kipaza sauti, kwamba imetoa elfu themanini. Wanawake walipunga leso, nawe uliyekuwa ukipokea michango ukaandika stakabadhi kwa mkono wako.

Kaka, kampuni yetu ni ya wageni, na sheria hairuhusu kampuni ya wageni kukichangia chama cha siasa. Lakini uchaguzi ulikuwa unakaribia, na bosi alitaka chama kimkumbuke kwenye leseni za machimbo. Akaniuliza mimi, karani wake, fedha zipitie wapi. Nikamwambia kwetu mchango wa matanga hauulizwi na mtu. Mama alikuwa bado yuko chumba cha maiti.

Ulipokwenda kuwasindikiza wageni, niliichukua bahasha mezani nikampelekea katibu wa chama, aliyekuwa anakula wali garini mwake. Stakabadhi yako ikabaki kampuni, ionekane tulisaidia mazishi tu. Wewe hukula hata pesewa moja. Mwizi ni mimi.

Usiuze shamba. Leo asubuhi nimepeleka maelezo yangu tume ya uchaguzi, nikatia sahihi. Kazi ndiyo imekwisha, na huenda nikafungwa. Msomee mjomba barua hii mbele ya ukoo, wala usiruke mstari kwa kunihurumia, maana nakujua.

Mjomba aliniambia pia kwamba kikaoni mtu alilitaja jina langu, nawe ukawajibu, "Nisemeni mimi mpaka mchoke, mdogo wangu muacheni. Hakuna aliyemlilia Mama kama yeye." Nililia kweli, kaka. Nililia huku bahasha iko ndani ya koti.

Nisalimie shemeji na watoto, kama bado utapenda salamu zangu ziwafikie.

Mdogo wako,
Yaw Sarfo