Spika Sikivu

Kwa mdogo wangu,

Nakusalimu, nikitumaini kuwa wewe, shemeji na watoto mnaamka salama. Sisi tu wazima, isipokuwa magoti yangu, ambayo yameacha kunitii. Niwie radhi kwa kukaa kimya tangu mvua za mwaka jana. Nilikuwa na la kukuambia, lakini kila nilipoanza niliona sentensi haisimami, nami sijazoea kutuma sentensi iliyolala.

Utaikumbuka amplifaya ya marehemu Baba, ile ya zamani yenye taa za kioo ndani, niliyoichukua baada ya mazishi. Fundi ameifufua. Hata hivyo, nguvu zake ni chache, na kwa spika zangu za zamani kila mwimbaji alikuwa kama mtu aliyefunikwa blanketi. Nikaenda dukani. Muuzaji, mtu wa makamo mwenye maneno mengi, alinieleza kuwa amplifaya haina kosa. Spika za kawaida ni kama mgeni mlafi, hazisemi mpaka zishibe umeme. Nilichohitaji, alisema, ni spika sikivu. Nikamwambia kuwa msikivu ni mtoto anayetii. Kazi ya spika ni kusema. Akacheka, akaniambia, "Haya, mzee wangu, basi hizi unazinong'oneza, zenyewe zinatangaza."

Nilisikiliza jozi tatu, nikachagua zile zenye pembe kubwa ya mbao, iliyopanuka kama mdomo wa tarumbeta. Akanionya nisizibane ukutani, nizitafutie "mahali ingine". Nikamsahihisha palepale: mahali pengine. Nikakukumbuka wewe. Baba alikuwa akikusimamisha mlangoni ulirudie neno hilo mpaka machozi yakutoke, na bado hukulishika. Ndiyo maana tukakubandika jina la Bwana Ingine.

Kuishi nazo si lelemama. Zina kimo cha kabati, na mke wangu, shemeji yako, anaziita majeneza yaliyokosa wenyewe, tangu kochi lake lilipohamishiwa ukumbini. Tena hazifichi kitu. Mwimbaji akivuta pumzi, unamsikia. Santuri ikiwa na mkwaruzo, unadhani ni panya. Shemeji yako husema kuwa nyumba yenye spika hizi haifai kwa watu wenye siri.

Dada yetu mdogo yu mzima. Bado amepanga chumba nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, na kwa kelele zile, sasa ukizungumza naye huna budi kurudia. Alipita juzi, akauliza kama umewahi kuuzibua mfereji wa paa, kwa kuwa ukiziba, maji huingia chumbani kwa Baba. Katika chumba hicho alimuuguza mzee wetu, akimgeuza na kumlisha, wakati wewe na mimi tulipokuwa wageni wa sikukuu. Nami ndiye niliyemwambia afungashe aondoke, kwa sababu ya ile kanda.

Sasa niifikie kanda yenyewe. Uliirekodi wewe, ukiwa peke yako na Baba, siku chache kabla hajafariki. Tuliisikiliza ukoo mzima kwa redio ndogo ya mezani, tukamsikia akitoa wosia kwa vituo virefu: nyumba abaki nayo mwanangu wa pili, yaani wewe, na dada yake atafutiwe mahali ingine. Vile vituo tulivichukulia kuwa ni kukosa pumzi. Kosa lile la mwisho liliniuma kuliko wosia. Nilijiambia kuwa maradhi yamemla Baba mpaka sarufi.

Mwezi uliopita niliipiga kanda hiyo kwa spika mpya, kwa kumkumbuka tu. Katika kila kituo pana mnong'ono. Mnong'ono unatangulia, Baba anafuata, kama mtoto anayesomeshwa. "Mahali ingine," unasema mnong'ono. "Mahali ingine," anasema Baba. Sikuwa na haja ya kuuliza ni nani. Katika nyumba yetu, mwenye kosa hilo alikuwa mmoja.

Lipo na jingine. Mwishoni, kabla kitufe cha kuzima hakijabonyezwa, Baba anatoa neno moja kwa pumzi tu: "Pengine." Shemeji yako anashikilia kuwa alikuwa na maana ya labda, kwamba aliutilia shaka wosia aliokuwa akitamkishwa. Mimi nashikilia kuwa alikuwa akikusahihisha. Tumerudia kusikiliza na hatujaafikiana. Tunaafikiana kwamba hukumngoja amalize.

Dada yako hajasikia. Atakuja Jumapili. Kiti kimekwisha kuwekwa katikati ya spika mbili, nami sijaamua kama nimketishe yeye kwanza, akisikie anachoweza bado kukisikia, au nikungoje uje ukikalie wewe, ukoo ukiwa umesimama nyuma yako. Nikiamua, nitakuandikia, na barua hiyo itakuwa fupi.

Msalimie shemeji na watoto. Na uuzibue mfereji. Nyumba ile ina mwenyewe.

Ni mimi,
Kaka yako mkubwa