Prosesa ya laptopu yangu

Wete, Jumanne

Haibadilishwi. Nimebishana na Fundi Hamadi mpaka nikaona haya. Vespa yangu imebadilishwa injini mara mbili, iweje laptopu ishindwe kubadilishwa prosesa?

"Hii imechomelewa kwenye bodi, Mwalimu. Umeinunua nayo, utazeeka nayo."

Nikanywea. Ripoti za darasa langu zinatakiwa Alhamisi, na mashine inatambaa, inachemka kama birika.

Kisha akaifungua kwa chini, akaangua kicheko. Feni imejaa makonyo, vile vijiti vinavyoshika karafuu! Mvua ikija, mama huzianulia chumbani kwangu, nami huandika humo humo.

Akayatoa, akapuliza, akawasha. Inakwenda mbio, alhamdulillahi.

Nimemsimulia mama, nikidhani ataniomba radhi.

"Makonyo nayo huuzwa," amesema. "Umeyaacha kwa fundi?"