Mkwe Chumbani kwa Daktari

Safina, nimechoka kabisa. Hilda, binti wa kaka yangu, ndiyo kwanza katoka kwa daktari bingwa aliyekuja kwa siku chache hapa Mbinga. Miaka yote kila mwezi anajikunja kwa maumivu ya tumbo, zahanati wanampa dawa za taifodi, wanamwambia akizaa yataisha. Juzi nesi mmoja akamwambia huenda nyama za kizazi zinaota nje ya kizazi, amwone bingwa.

Na nani kamsindikiza kutoka Ngumbo? Baba mkwe wake, mzee Raimundi. Kaingia naye mpaka ndani, kakaa, kofia magotini.

Daktari akauliza, "Maumivu yanakuja na hedhi?"

Mbele ya mkwe, Safina. Mkwe ambaye Hilda hata mkono hampi.

Akatazama sakafu. "Hapana, ni tumbo tu."

Kasema hapana.

Mzee naye akadakia, "Mihogo mibichi hiyo, daktari." Wametoka na dawa za vidonda vya tumbo.

Nikamuuliza, "Mwanangu, mbona hukusema?"

"Shangazi, ningesemaje na mkwe anasikia?"

Bingwa anaondoka kesho. Asubuhi, kabla hajaondoka, naingia na Hilda mimi. Mzee nitamtuma sokoni, akanichagulie mihogo.