Mistari Miwili kwenye Bahasha ya Tatsuo

Jumatatu, 31 Oktoba
Kazini nimekunja bahasha mia tatu za kutilia pesa za rambirambi. Watu wanakufa kwa bidii mwezi huu. Jioni, nyumbani, nikakunja moja ya furaha, ya pesa za harusi. Jumapili tunaipeleka kwa kina Okuda. Tatsuo, mwanangu wa pekee, miaka thelathini na minane, anamwoa binti yao — tena anahamia kwao na kuchukua jina lao, maana hawana mtoto wa kiume. Nilikubali. Karatasi ya bahasha ni ya mwisho aliyoitengeneza kwa mkono marehemu baba yake.

Jumanne, 1 Novemba
Mama yangu! Nimekunja kimsiba. Nyuma ya bahasha, mkunjo wa juu umefunika wa chini. Ya furaha ni kinyume: wa chini unalala juu, uelekee mbinguni upokee heri. Hata mtoto wa shule anajua, na mimi nina miaka thelathini na mmoja kazini.

Nimeigeuza. Sasa iko sawa, ila karatasi ni nene. Mkunjo unaokaa nje hukunjwa mbali kidogo kuliko wa ndani, kiasi cha unywele. Kwa hiyo sasa kuna mistari miwili, wa zamani na mpya. Nyuzi za karatasi zikishavunjika zimevunjika.

Jumatano, 2 Novemba
Nimemwambia Yasue, tunakaa naye meza moja kazini. Kacheka mpaka kwikwi. "Shoga, nani atauona? Piga pasi!"

Nimenyunyiza maji, nikaweka kitambaa, nikapiga pasi. Ukiilaza bapa, mstari hakuna. Ukiiinamisha kwenye mwanga — huo hapo! Maji yamezivimbisha nyuzi, hayakuziunga.

Nani atauona? Mzee Okuda katengeneza karatasi miaka hamsini. Hupitisha ukucha hata kwenye risiti.

Yasue anasema nitumie karatasi nyingine. Sitaki. Baba yake Tatsuo lazima naye awepo.

Ijumaa, 4 Novemba
Nilitaka kujua kosa limetoka wapi. Nimekunja bahasha hamsini za furaha nikiwa nimefumba macho. Zote hamsini sawasawa.

Basi si mkono. Jibu hilo silipendi hata kidogo.

Jumamosi, 5 Novemba
Tatsuo kaanza kufungasha. Masanduku mawili tu, mtu mzima yule! Kaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia soksi zake zimetoboka.

Jumapili, 6 Novemba
Naandika nikiwa chumba cha nyuma cha kina Okuda. Daftari lilikuwa mkobani, bahati.

Mzee Okuda aliipokea bahasha kwa mikono miwili. Akaigeuza. Akapitisha ukucha. Akarudia.

"Mama Tatsuo, hii imekunjwa mara mbili."

Ningeweza kusingizia unyevunyevu. Nikasema ndiyo.

"Mara ya kwanza ilikuwaje?"

"Ya msiba."

Mkewe akaweka kikombe chini. Tatsuo akasema, "Mama!" — vilevile alivyosema nilipomwagia supu mwalimu wake. Nikaona nimeshaharibu, bora nimalize. Nikawaambia mkono wangu haukukosea, nimeupima. Nikawaambia naumia, sina mtoto mwingine, na jina letu linaishia hapa mezani. Nikainama, nikaomba radhi, nikatoka.

Mlango ni wa karatasi, nasikia yote. Mzee Okuda anauliza nani alitengeneza karatasi ile. Tatsuo anasema, "Baba yangu." Kisha Tatsuo anapenga kamasi.

Ameingia Natsume, bibi harusi, peke yake. Kaketi mbele yangu, magoti pamoja. Anasema baba yake hajaifungua bahasha, wala hajairudisha. Imekaa tu mezani, si ndiyo si hapana. Macho yake mekundu, lakini sauti haitetemeki. Ananiuliza:

"Mama, kama kwako ndoa hii ni msiba, tuiache?"

Nimemwambia angoje kidogo, naandika.